Dawa ya kuku huanzia bandani

Mtu akifika kwangu akaniambia, "Dada, naomba dawa ya kuku," namuuliza, "Ya nini?" Ananijibu, "Ya kuku." Hapo ndipo kazi inapoanza. Mimi nafuga kuku wa kienyeji hapa Singida, na kijijini kwetu ndimi ninayezunguka kuwadondoshea kuku chanjo ya mdondo (kideri) jichoni, kwa hiyo mabanda ya watu nimeyaingia mengi, mengine kwa kupiga magoti. Nilichojifunza ni kwamba wadudu na minyoo wanaomaliza kuku wako, wengi wao saa hii hawapo kwenye kuku. Wapo kwenye nyufa za ukuta, kwenye fito, kwenye kiota na kwenye vumbi la chini. Ukitibu kuku ukaliacha banda, hela yako umempa mwenye duka tu.

Anza na tochi

Kabla hujanunua chochote, ingia bandani usiku, saa mbili au saa tatu, kuku wakishatulia. Beba tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa upande wa chini wa fito wanazolalia, hasa pale fito inapogusana na ukuta. Kikitoka na michirizi myekundu, hiyo ni damu ya kuku wako iliyokuwa tumboni mwa utitiri. Utitiri huyu mwekundu mchana hujificha, usiku hutoka kunyonya. Ndiyo maana mtu anamkamata kuku saa sita mchana, anampekua mbawa zote mbili, haoni kitu, anasema mzima huyu, wakati upanga wa kuku umepauka na mayai yamepungua. Tena utitiri huvumilia miezi bila kula, hivyo kuwahamisha kuku wiki mbili ukidhani atakufa kwa njaa ni kujisumbua.

Tochi hiyohiyo imulike kwenye nyufa za ukuta na kwenye maungio ya paa. Ukiona mdudu bapa wa kahawia, mkubwa kuliko utitiri, huyo ni papasi wa kuku. Naye ni wa usiku, ila watoto wake hung'ang'ania kwenye ngozi siku kadhaa mfululizo, mara nyingi chini ya bawa. Mkubwa anaweza kukaa ukutani miaka bila kunyonya. Huyu namwogopa kuliko utitiri kwa sababu mbali na damu, ana ugonjwa anaousambaza: kuku anapata homa, anaharisha kijani, miguu inalegea. Watu wakiona kijani wanasema ni mdondo, wanakata tamaa. Lakini ugonjwa wa papasi unatibika kwa dawa za aina ya penisilini, mdondo hauna tiba. Kwa hiyo kuku waliochanjwa vizuri wakianza kuharisha kijani na nyufa zako zina papasi, mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo, usisubiri.

Sasa mshike kuku

Anza na uso. Viroboto wa kuku hawarukiruki ovyo. Jike hujichomeka kwenye upanga, kwenye mashavu na kuzunguka macho, akabaki hapo, mayai yakidondoka chini na kukulia vumbini. Juzi nililetewa kifaranga ambaye kope zake zilikuwa kama zimenyunyiziwa pilipili manga: jicho moja limefumba kabisa, jingine limebaki upenyo. Usiwachomoe kwa kucha, utaacha vidonda. Chovya kidole kwenye Vaseline au mafuta ya kupikia, paka taratibu juu ya viroboto bila kuingiza jichoni, watakosa hewa. Kesho yake rudia. Kifaranga mwenye viroboto wengi hufa kwa kuishiwa damu, na kabla hajafa anakuwa mweupe mdomoni. Mwangalie na mbwa anayelala pembeni ya banda, masikioni hasa, kwa sababu kiroboto huyu hachagui.

Halafu geuza kuku, tenganisha manyoya chini ya mkia. Wadudu wa rangi ya majani makavu wakikimbia mwanga, na mashina ya manyoya yakiwa na mayai yaliyogandana, hao ni chawa. Chawa anaikataa kanuni yangu: maisha yake yote yapo juu ya kuku. Kwake dawa ya unga inampata vizuri. Nyunyiza chini ya mkia, chini ya mbawa na shingoni, usugue iingie mpaka kwenye ngozi, kisha urudie baada ya siku 10 hadi 14, maana unga hauui mayai. Asiyerudia atasema dawa ni feki.

Mwisho miguu. Magamba yakiinuka, yakawa manene na meupe kama chokaa, ndani yake kuna utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua kwa mswaki uliokwisha kazi, kausha, paka Vaseline kwa wingi. Fanya hivyo kila wiki mpaka magamba ya zamani yadondoke, itachukua mwezi au zaidi. Mafuta ya taa matupu yanaunguza ngozi, achana nayo.

Siku ya banda

Chagua asubuhi yenye jua. Toa kila kitu: fito, viota, vyombo, matandiko. Kwangua mpaka chini, choma takataka mbali na nyumba. Fito zimwagie maji yanayochemka kabisa, si ya moto tu, halafu zianike. Banda la udongo likandike upya kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, ufa kwa ufa, maana kila ufa unaouziba umefukia kizazi. Ukikauka, paka chokaa. Kama ulikuta utitiri, papasi au viroboto, nyunyiza na dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mabanda ya kuku, uache ikauke kabla ya kuwarudisha, kisha urudie baada ya wiki moja au siku 10 kuwadaka walioanguliwa nyuma yako. Fito zisipigiliwe misumari, ziwekwe kwa namna ya kutolewa.

Huku kwetu kuna wakulima wa pamba, na chupa ya dawa ya pamba ikibaki, mtu anaona aipulizie kuku. Usifanye hivyo. Sumu hiyo itakurudia kwenye yai unalompikia mtoto.

Majivu je? Weka, kuku anahitaji mahali pa kuoga vumbi, na majivu yaliyochanganywa na mchanga mkavu hupunguza chawa na utitiri. Lakini hupunguza tu. Mwarobaini kwenye kiota nao naweka. Ila kiota chenyewe nakibadilisha kuku anapotaga yai la mwisho, kabla hajaanza kulalia, kwa sababu siku 21 za kukaa sehemu moja zinatosha viroboto kujaa, na vifaranga wakitoka wanawakuta wanawasubiri.

Kuhara damu

Huu ndio unaomaliza vifaranga wa wiki tatu hadi nane, hasa mvua zikianza Desemba. Kifaranga anajikunyata, mbawa zimeshuka, kinyesi kina damu au rangi ya kahawia nzito. Akifa mpasue: ile mifuko miwili iliyofungwa upande mmoja mwishoni mwa utumbo ukiikuta imejaa damu, umepata jibu. Vimelea hivi hutoka na kinyesi na vikikuta matandiko yenye unyevu na joto huiva kwa siku moja au mbili, vikawa tayari kuambukiza. Dawa nyingi za kuulia vijidudu haziviui. Vinachokichukia ni ukavu na maji yanayochemka.

Kwa hiyo maranda yakilowana kuzunguka chombo cha maji, yatoe leo. Inua chombo juu ya matofali, usawa wa mgongo wa kifaranga, asiingize miguu. Usijaze vifaranga mpaka wakanyagane.

Wakishaugua, tafuta dawa ambayo pakiti imeandikwa amprolium. Inawekwa kwenye maji, kwa kawaida siku 5 hadi 7, kipimo fuata pakiti kwa sababu nguvu ya unga hutofautiana. Watibu wote, si yule anayehara tu. Na hapa watu wengi hukosea: wanachanganya na vitamini ili "wapate nguvu". Amprolium hufanya kazi kwa kumdanganya kimelea, inajifanya vitamini B1. Ukiwapa vitamini B kwa wakati huohuo unamlisha kimelea kile ulichotaka akikose. Vitamini wape dozi ikiisha. Shubiri kwenye maji sina ugomvi nayo, bibi yangu aliitumia, lakini kwa kuhara damu usiku mmoja wa kusubiri unaweza kukugharimu nusu ya vifaranga.

Minyoo

Kila ukichinja, pasua utumbo kabla ya kuwatupia mbwa. Mnyoo wa mviringo, mweupe, unaofika sentimita 7 hadi 12, unauona wazi. Tegu ni bapa, wenye pingili, na vipande vyake wakati mwingine huonekana kwenye kinyesi. Tofauti ni muhimu dukani: dawa ya piperazine inaondoa ule mviringo mkubwa, tegu haimgusi. Kwa tegu uliza dawa inayotaja minyoo bapa kwenye karatasi yake. Na tegu humpata kuku akila sisimizi na mbawakawa, kwa hiyo kuku anayezurura hutamkinga kabisa, utamtibu mara kwa mara.

Mimi nawapa dawa kila miezi mitatu, kuanzia wakiwa na miezi miwili, na nafanya hivyo wiki mbili kabla ya chanjo ya mdondo. Kuku mwenye minyoo chanjo haimshiki vizuri. Kalenda ni moja, hutasahau. Tatizo la kuku wa kuzurura ni kwamba atakunywa kwenye dimbwi la jirani aache maji yako ya dawa. Jioni ondoa maji bandani. Asubuhi usifungue mlango: weka maji ya dawa, yale watakayoyamaliza kwa saa chache, na wafungue wakishayanywa. Vifaranga wadogo usiwanyime maji hivyo. Pima uzito wa kuku mmoja kwa mizani ya kuning'iniza upate makadirio. Mtetea wetu ni kilo moja hadi moja na nusu, na wengi hukisia zaidi au pungufu. Siku za kutokula mayai na nyama zimeandikwa kwenye karatasi ya dawa, zihesabu na umwambie mteja ukweli.

Bata mzinga usimfuge pamoja na kuku. Kuna mnyoo mdogo wa kuku unaombebea bata mzinga ugonjwa wa ini ambao kuku mwenyewe mara nyingi hauoni hata kidogo.

Na jogoo wa mnadani asilale na wenzake usiku huohuo, hata kama ni mzuri kiasi gani. Mfungie pembeni wiki mbili, mpekue uso, mkia na miguu, mpe dawa ya minyoo. Tenga alilokuja nalo lisiingie bandani. Lichome, au lirudishe kwa mwenyewe.