Somo: Kombe mdogo wa pwani, asichanganywe na wa ziwani

Hapa Kigoma magamba huja kwa njia mbili: watoto huyaokota Kibirizi na Ujiji, na wanaotoka Dar kwa treni huja nayo mfukoni. Yakishakaa kopo moja, rangi haisaidii tena. Jua hupausha la ziwani likawa jeupe sawa na la Kunduchi. Leo nachukua kombe wa baharini wa jenasi Donax, mdogo, wa sentimita mbili tatu hivi, anayejifukia mchangani pale mawimbi yanapovunjikia.

Kwanza osha kwa mswaki mkuukuu na maji basi. Siki na ndimu ziache jikoni, asidi hula gamba pamoja na alama unazozitafuta.

Pili tazama umbo, ila usiamue bado. Donax ni kabari: kile kinundu ambako gamba lilianza kukua hakiko katikati, upande mmoja mfupi, mwingine mrefu. Wengi hudhani upande mfupi ndio mbele. Kwa Donax ni nyuma. Kano ya kahawia iliyoshikilia magamba mawili, ikiwa bado ipo, itakuthibitishia: hukaa nyuma ya kinundu.

Tatu, na hapa usiwe na haraka, geuza uone ndani. Liinamishe gamba polepole kwenye mwanga wa dirisha, lenzi mkononi. Kuna makovu mawili ya misuli iliyokuwa ikilifunga, na mstari hafifu unaoyaunganisha. Ufuate kwa jicho. Ukikaribia nyuma ukapinda kuingia ndani, ukafanya ghuba, mwenyewe alikuwa na mirija mirefu anayoirudisha humo. Donax ana ghuba kubwa. Corbicula, kombe wetu wa ziwani anayemfanana kwa udogo, mstari wake unapita bila kupinda hivyo.

Nne, bawaba, pale magamba mawili yanapoungana; meno ni vinundu vilivyopo hapo. Corbicula ana meno makuu matatu kila gamba, na ya pembeni ni marefu, yamechongeka kama msumeno. Donax ana mawili, ya pembeni mafupi.

Katika kopo lako, mwenye ndani ya lulu inayometa si Donax wala Corbicula. Yaelekea ni Grandidieria burtoni, kombe mwingine ambaye makazi yake ni Ziwa Tanganyika tu.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Nina gamba moja tu, la pili limepotea. (Urambo)*

Marahaba. Moja linatosha, mradi upande wa nyuma haujavunjika. Ghuba ikiwa imemeguka, rudi kwenye bawaba.

*Ukingo wa ndani una vijino vidogo. Ndiyo Donax?*

Ni dalili, si hukumu. Donax wengi wanavyo, wengine ukingo wao ni laini, na kombe wengine wa baharini wanavyo pia.

*Mbona konokono wa Ujiji wana magamba mazito kama wa baharini? Ziwa liliwahi kuungana na bahari?*

Swali la zamani hilo! Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika ziwani 1858, na magamba aliyookota Speke yalielezwa na Woodward, mtaalamu wa magamba, huko London mwaka 1859. Baadaye Mwingereza J. E. S. Moore akashikilia kwamba ziwa ni mabaki ya bahari. Wanasayansi wameliacha wazo hilo. Uzito wa magamba sasa unahusishwa na kaa wa ziwa hilihili, wenye magando ya kuvunjia konokono. Mwenye gamba jembamba aliliwa mapema. Kwa hiyo uzito nao usiutumie kumtenga wa pwani na wa huku.