Mzunguko wa mazao kwa mkulima wa nyanya: zungusha familia, sio majina

Naandika hii kwa wakulima wenzangu wa nyanya wa Ilula na Kilolo mpaka kule mabondeni Ruaha Mbuyuni, ila hata ukiwa Kirinyaga huko Kenya mambo ni yale yale. Wengi tukiulizwa tunasema tunazungusha mazao, afu ukimhoji mtu vizuri anakwambia mwaka jana niliweka nyanya, mwaka huu hoho, mwakani nafikiria bilinganya. Hapo hakuna kilichozunguka. Ugonjwa uliokuwa unakula nyanya unaendelea kula hoho palepale ulipo, haujahama hata hatua moja.

HATUA YA 1: Jua familia

Nyanya, hoho, pilipili, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo, mnavu na tumbaku, hao wote ni ndugu. Kabichi, sukuma, chainizi na figiri ni familia nyingine. Vitunguu maji na saumu wako pamoja. Tikiti, tango na maboga pamoja. Mahindi, mtama na ulezi ni nafaka, na maharage, kunde, choroko, soya, karanga, mbaazi ni jamii ya mikunde. Andika haya majina kwenye daftari maana ratiba yote itasimama hapo.

HATUA YA 2: Chunguza kilichopo kwenye udongo

Hapa usikimbie, ndo penye kazi yenyewe. Ukiona mche wa nyanya umenyauka ghafla huku majani bado ya kijani, kata kipande cha shina karibu na chini, chukua glasi ya maji safi, ning'iniza kile kipande ncha yake ya chini iguse maji tu usikitikise, subiri dakika chache. Kikianza kushusha nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria na hakuna dawa ya dukani ya kupuliza itakayoutibu, usipoteze hela. Kama majani yalianza kuwa ya njano taratibu, mara nyingi upande mmoja, na ukipasua shina ndani kuna rangi ya kahawia ila maji hayabadiliki, mara nyingi huo ni mnyauko wa fangasi (fyuzari), na huo msaada wake mkubwa ni mbegu zenye ukinzani.

Afu ng'oa mche uangalie mizizi. Ukikuta mizizi imevimba vimba, hao ni minyoo fundo. Hapa wengi wanachanganya na vile vinundu vya maharage: kinundu cha maharage ukikisugua kwa kidole kinabanduka, na ukikipasua kikiwa kinafanya kazi ndani ni cha pinki, ila fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, haubanduki. Ni muhimu kujua maana minyoo hao wanapenda maharage, bamia, karoti na matango pia, kwa hiyo mtu akitoa nyanya akaweka maharage palepale anawalisha tu.

HATUA YA 3: Gawa shamba vipande vinne

Heka moja kwa hesabu yetu ya hatua sabini kwa sabini, igawe vinne, chora kwenye daftari, vipe namba. Weka alama ya mwamba au mti ili mwakani usibishane na kumbukumbu. Chora na mteremko, maji yanatoka wapi yanaenda wapi.

HATUA YA 4: Ratiba

Kosa kubwa ni kuhesabu misimu badala ya miaka. Huku kwetu tuna masika moja na kiangazi tunamwagilia, so mtu akisema "nimeruka misimu miwili" kumbe ni mwaka mmoja tu. Kipande chenye mnyauko bakteria kipe miaka 3 mpaka 4 bila mmea wowote wa ile familia. Mimi kila kipande nakipeleka hivi: mwaka wa kwanza nyanya. Mwaka wa pili masika mahindi, yanakula mbolea iliyobaki kwenye nyanya, kiangazi vitunguu. Mwaka wa tatu masika maharage (kama kina minyoo fundo basi karanga), kiangazi kabichi. Mwaka wa nne masika marejea, mmea wa jamii ya mikunde wa kurutubisha udongo, ile iliyosambazwa sana na watu wa abasia ya Peramiho kule Songea, unaifukia ikianza kutoa maua, inaongeza naitrojeni na minyoo fundo haizaliani vizuri kwenye mizizi yake. Vile vipande vingine vitatu kila kimoja kinaanzia mwaka tofauti, hivyo kila mwaka una nyanya za kuuza.

Mikunde chagua yenye soko la karibu. Mnakumbuka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kuingia kwao, bei huku ikaanguka vibaya. Usijaze shamba zima zao linalotegemea mnunuzi mmoja.

Na maharage ukishapura, rudisha maganda na mabua shambani. Ukiyaacha nyumbani au ukayachoma, sehemu kubwa ya naitrojeni uliyoitegemea umeihamisha, afu msimu unaofuata unashangaa mahindi ya njano.

HATUA YA 5: Ziba njia za kurudi

Ratiba nzuri inaharibiwa na vitu vidogo. Maotea ya nyanya (ile miche inayojiotea yenyewe) katikati ya mahindi, ng'oa yote, na mnavu pia, ugonjwa unajihifadhi humo ukisubiri. Jembe likitoka kipande kinachoumwa lisuuze tope lote upanguse na maji ya jiki kabla ya kuingia kingine, na buti vilevile. Maji ya mfereji yasipite kwenye kipande kinachoumwa yakashuka kwenye nyanya mpya, chimba mtaro wa kuyakatia pembeni.

Kanitangaze, yule nondo mharibifu wa nyanya (Tuta absoluta), tangu aingie Tanzania 2014, anaruka mwenyewe kutoka kwa jirani kwa hiyo mzunguko peke yake haumuwezi. Ila mabuu yake mengine yanageuka pupa kwenye udongo, na ukikusanya masalia ya nyanya ukayafukia chini sana mapema unampunguza. Ongeeni na majirani mfanye pamoja.

KAMA UNAKODI

Wengi wetu tunakodi na mwenye shamba atakwambia "lilikuwa limepumzika". Usitoe hela siku hiyo. Muulize jirani wa mpakani nini kimelimwa miaka mitatu nyuma, afu ingia shambani na jembe, chimbua mnavu na maotea sehemu tano sita, hasa kwenye bonde ambako maji hutulia, uangalie mizizi. Ukikuta fundo au mimea iliyonyauka ikiwa kijani, hilo likodi la kulimia mahindi tu, tena kwa bei ya mahindi, nyanya zako tafutia sehemu nyingine.