Picha za Samaki wa Tangi: Anza na Kioo, Simu Baadaye

Picha nyingi za matangi huharibika kabla simu haijatolewa mfukoni: kioo kina madoa, taa ya sebuleni inajitokeza katikati ya picha, samaki wameshtuka na kujificha. Kazi kubwa ni matayarisho. Kubonyeza ni dakika chache.

Hatua ya 1: Kioo

Fanya usafi jioni ya kuamkia siku ya picha. Ukikwangua mwani, taka huelea, na filta inahitaji usiku mzima kuzinasa.

Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu, yana chumvichumvi, na kila tone linalokaukia kwenye kioo huacha doa jeupe. Macho hulizoea doa hilo, kamera hailizoei. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa (usinyunyizie moja kwa moja, siki itaingia tangini), kandamiza penye doa dakika tano, kisha futa kwa kitambaa chenye maji safi na umalizie kwa kikavu. Kwa ule mstari mweupe wa usawa wa maji, punguza maji sentimita tatu hivi kwanza.

Ndani, kadi ya plastiki iliyoisha muda inatosha kukwangulia mwani. Tangi la akriliki (plastiki inayofanana na kioo) lipewe sponji laini tu. Kadi na waya wa kusugulia sufuria vitaliacha na michubuko isiyotoka. Kiangazi, futa upande wa nje tena dakika chache kabla ya kupiga, maana vumbi halisubiri.

Hatua ya 2: Giza la chumba

Zima taa zote isipokuwa ya tangi na ufunge mapazia. Nunua kaniki mita mbili, Soko la Majengo au popote, kata tundu linalotosha lenzi, uitundike mbele ya tangi nawe ukae nyuma yake. Huna kaniki? Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe ndilo litakalojitokeza kwenye kioo.

Hatua ya 3: Mwanga

Mwanga utoke juu ya tangi. Fleshi ya simu izimwe kabisa, kwa sababu inapiga kioo na kurudi kwenye lenzi.

Hapa ndipo wengi hukwama: picha inatoka na mistari myeusi ya kulala. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ya LED ya bei rahisi humetameta mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Spidi ya kamera (muda inaoruhusu mwanga kuingia) ya sekunde 1/50 au 1/100 huiondoa mistari hiyo, lakini samaki anayeogelea atatoka na ukungu. Njia mbili zinakutoa hapo. Ya kwanza ni mkanda wa LED wa volti 12 unaolishwa na betri ya sola: haumetemeti, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Uwashe kwa nguvu zote, kwani swichi ya kupunguza mwanga mara nyingi hurudisha mmeto. Ya pili ni fleshi ya nje, iliyolazwa juu ya mfuniko wa kioo ikitazama chini. Bila mfuniko imara usijaribu. Fleshi ikitumbukia umepoteza fleshi na pengine samaki pia.

Hatua ya 4: Vipimo

Kwa kamera yenye fleshi ya nje, anza na f/8 (upana wa tundu la lenzi), spidi 1/160, ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nguvu ya fleshi robo, kisha rekebisha. Bila fleshi: f/4 hadi f/5.6, spidi 1/200, ISO 1600. Chembechembe za ISO kubwa zinavumilika, samaki mwenye ukungu havumiliki.

Kwa simu, shikilia kidole juu ya samaki hadi fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo ili magamba yasitoke meupe tupu. Rangi ikiegemea kijani au bluu, weka kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500 mwenyewe.

Lenzi itazame kioo moja kwa moja. Ukipiga kwa mshazari, kioo na maji hupinda mwanga na picha inapoteza makali.

Hatua ya 5: Samaki

Kaa mbele ya tangi dakika kumi bila kutikisika. Samaki wa Ziwa Nyasa na Tanganyika, ambao maji magumu yanawafaa, hufifia rangi wakiogopa. Usiwafukuze na kamera. Dume lina jiwe lake na hulirudia. Weka fokasi hapo umsubiri. Jicho lisipokuwa kali, futa picha. Chakula wape baada ya kazi, la sivyo utapiga makombo.

Hatua ya 6: Tangi zima la mimea

Pogoa mimea wiki mbili au tatu kabla, ili ncha zilizokatwa zipone. Piga baada ya taa kuwaka kwa muda wa saa nne au zaidi, mimea ikiwa imefunguka. Weka simu kwenye stendi, usawa wa katikati ya tangi, rudi nyuma mita moja na nusu hadi mbili, na utumie zumu ya 2x. Lenzi pana hupinda kingo za tangi.

Zima filta na pampu ya hewa ili majani yatulie na mapovu yaishe. Dakika kumi zisipite bila kuziwasha tena: maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na tangi lenye samaki wengi huishiwa upesi.