Steji Nane, Maharagwe 42: Kutunga Mchezo Wenu Wenyewe Chuoni

Usiku mchezo wetu ulipozaliwa, stima ilikuwa imepotea tangu magharibi na simu zote nne zilikuwa zimeisha chaji. Tulikuwa mwaka wa pili, tunakaa ploti moja ya kupanga nje kidogo ya Maseno, magharibi mwa Kenya. Pakiti ya karata tulikuwa nayo, ila tatu zilikuwa zimepotea, na mwenzetu wa Kitale alikuwa ameapa hachezi kadi nasi tena, kwa sababu kwao huruhusiwi kumaliza na K na kwetu ilikuwa ruksa. Ikabidi tutafute kingine.

Kwanza angalieni mlicho nacho chumbani. Msiende dukani. Sisi tulikuwa na dadu moja ya ludo, vizibo vya soda, maharagwe nusu gorogoro na boksi tupu la mafuta ya kupikia. Halafu chagueni jambo ambalo kila mmoja wenu analijua bila kuelezwa, maana hapo nusu ya kanuni mtu anazo tayari kichwani. Kwetu lilikuwa usafiri wa matatu, zile gari za abiria. Barabara ya Kisumu kwenda Busia tungeitaja hata usingizini: Kisumu, Kisian, Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, Busia. Tukapasua boksi, tukachora mstari kwa kaa, tukatia steji nane. Kizibo chako ndilo gari lako. Maharagwe ndio abiria. Gari ni la watu 14, na hilo halikuhitaji mjadala.

Kanuni za mwanzo ziwe fupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi moja. Zetu: zamu yako ikifika, ama unatupa dadu upakie abiria kwa idadi hiyo, ama unasonga steji moja. Ukipita 14, afande wa trafiki amekukamata na abiria wote wanashuka. Atakayefika Busia na wengi ameshinda.

Tukacheza. Ulikuwa mchezo mbaya ajabu. Kila mtu aliganda Kisumu akipakia mpaka 12 au 13, kisha magari manne yakaondoka yakifuatana kama msafara wa harusi, na njia nzima hakuna la kuamua. Msione haya mkifika hapo. Ulizaneni tu ni wakati gani mlianza kupiga miayo, kisha rekebisheni papo hapo, msiguse kwingine. Sisi tuliondoa gunia la abiria pale Kisumu, tukaweka maharagwe sita kwenye kila steji isipokuwa Busia, jumla 42. Anayewahi anachota, anayechelewa anakuta mabaki. Ukikamatwa, abiria wako wanabaki hapo hapo uliposimama, kwa hiyo gari la nyuma linaweza kuwaokota. Mara watu wakaanza kuulizana, "We unaondoka ama bado?" na sauti zikawa za makanga.

Tafuteni pia mtu mmoja mkorofi. Wetu alikuwa wa Mumias. Tulikuwa tumeongeza kwamba gari la kwanza kuingia Busia linafunga mchezo, na walioko njiani wanahesabiwa sifuri kwa kuwa abiria wao hawajafika. Yeye akaendesha gari tupu zamu saba mfululizo, akaingia Busia, akatupigia makofi: sote sifuri, yeye akiwemo. Tulikasirika, lakini hakuvunja kanuni hata moja. Tukaandika kwamba huingii Busia na abiria pungufu ya saba. Tangu siku hiyo, kila tulipobadilisha kitu tulimkabidhi yeye kwanza autafutie mchezo mwanya.

Sasa ikweta. Barabara hiyo inavuka ikweta hapo Maseno, na tuliona ni aibu kutoitumia. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ukishafika Maseno unasoma upande wa chini wa dadu badala ya wa juu. Pande za dadu zinazopeana mgongo hujumlika 7, kwa hiyo 2 inakuwa 5, na 6 inakuwa 1. Tulicheka sana, kumbe hatujabadilisha lolote: kila namba bado ina nafasi moja kati ya sita. Mapambo matupu. Kesho yake tukageuza neno moja tu: kuanzia Maseno, unachagua juu au chini. Hapo mchezo ukapata roho. Mwenye abiria 11 akitupa 5 anasoma 2, anabaki na 13, salama. Mwenye 12 akitupa 3 au 4 hana pa kukimbilia, afande huyo. Watu wakawa wanaikimbilia Maseno na magari nusu tupu ili wapakie wakiwa na uwezo wa kuchagua, huku Kisian ikibaki na abiria wake. Hilo hatukulipanga.

Mkiwa na dadu mbili, fanyeni hesabu kabla ya kuchora. Baadaye tulitunga mchezo wa uvuvi ziwani, kila jumla na samaki wake: omena kwenye 7, ngege kwenye 9, mbuta kwenye 12. Aliyeshika omena alitutandika usiku kucha. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36, ya 12 kwa njia moja tu. Dawa ilikuwa kuwapa bei: omena pointi 1, mbuta pointi 6, na ngege, mwenye njia 4, pointi moja na nusu.

Msichezee pesa. Tulijaribu shilingi kumi kumi usiku mmoja tu, na yule wa Kitale, mcheshi kuliko sote, akahesabu maharagwe ya wenzake mara tatu bila kutabasamu. Tukarudi kwenye adhabu yetu ya kawaida: anayeshindwa anaosha vyombo. Sufuria ya ugali uliogandamana ni adhabu tosha.

Watu watatu hadi watano wanatosha. Wakizidi, wa mwisho anasinzia kabla zamu haijamfikia, na keyateka, mwangalizi wa ploti, atawagongea mlango.

Kanuni ziandikeni nyuma ya boksi, pamoja na tarehe, na mkifuta moja ipigeni mstari tu ili isomeke. Watu wanne walioshiba chapo na ndengu saa nne usiku hawakubaliani jana walisema nini.

Maharagwe ya mchezo nayo yatieni kwenye chupa yao peke yake, mbali na jiko. Yetu yalichanganywa na ya sufuriani na jirani aliyekuja kutusaidia mapishi, na wiki hiyo nzima walioshuka Busia walikuwa punje za mahindi.