Somo: Mechi Ikikatika Katikati, Matokeo Ni ya Nani?

Wakuu, somo la leo ni kwa wanaosimamia mashindano ya mtandaoni ya michezo ya ubao: sataranji, drafti, bakgamoni, Scrabble na mingine. Wachezaji nanyi msipite tu, maana rufaa nyingi hufia pale mchezaji anapokurupuka kugombana badala ya kutunza ushahidi.

Hatua ya 1: Kanuni ziwepo kabla ya raundi ya kwanza

Kanuni ikitungwa baada ya mechi kukatika, hata iwe ya haki namna gani, anayeumia ataiona ya upendeleo. Kwa hiyo andika mapema mwamuzi ni nani, malalamiko yatumwe wapi na mwisho wa kuyapokea ni lini, na rufaa itasikilizwa na nani. Anayesikiliza rufaa asiwe mwamuzi yuleyule, wala mchezaji anayegombea nafasi kwenye msimamo huohuo. Halafu kifungu mama: mchezaji akikatikiwa mtandao upande wake, saa yake ya mchezo inaendelea kutembea.

Najua kifungu hicho wengi wanakiona cha kikatili. Lakini mwamuzi hana namna ya kumtofautisha aliyekatikiwa kweli na aliyechomoa waya baada ya kuona malkia wake analiwa. Muonee huruma mmoja, uone kama raundi inayofuata mtandao hautakatika kwa kila anayezidiwa.

Hatua ya 2: Kusanya kabla ya kuhukumu

Ujumbe wa "nimekatika" ukiingia, usianze kuuliza nani ana haki. Chukua kiungo cha mechi, orodha ya miendo yote, saa za wachezaji wote wawili, na zamu ilikuwa ya nani. Muda wa tukio uandike kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, kwa sababu wachezaji wakiwa nchi tofauti kila mmoja atakutajia saa ya kwake na utapoteza muda kupatanisha saa.

Waambie wote wawili wasiipitishe mechi hiyo kwenye programu ya uchambuzi hadi uamuzi utoke. Mchezaji akishaona kompyuta inavyopima msimamo wa kete zake ubaoni, huwezi tena kuwarudisha kuendelea palepale, hata kama haki iko upande wake.

Hatua ya 3: Tafuta ilipokatikia

Tazama meza nyingine za raundi hiyohiyo. Meza moja ikiganda huku nyingine zikiendelea kama kawaida, shuku kwanza upande wa mchezaji. Meza kadhaa zikiganda kwa pamoja, shuku seva, na uwaandikie wenye jukwaa wakupe kumbukumbu zao.

Kuna hali ya tatu inayosumbua vichwa: seva nzima, kifaa cha mchezaji kizima, ila njia ya katikati imekufa. Olimpiadi ya sataranji ya mtandaoni ya mwaka 2020, iliyoandaliwa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ilionja pande zote. Kwenye robo fainali, mchezaji wa Armenia alikatika dhidi ya India. Rufaa ya Armenia ilikataliwa kwa kuwa tatizo halikuonekana kutoka kwenye seva, na timu ikajitoa. Kisha tarehe 30 Agosti, kwenye fainali ya India na Urusi, wachezaji wawili wa India walikatika na saa zikawaishia. Siku hiyo kulikuwa na hitilafu kubwa ya intaneti iliyogusa nchi nyingi. Baada ya rufaa, rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua timu zote mbili zipewe dhahabu.

Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa busara kwa fainali, ambako hakuna raundi inayofuata. Ukiuleta katikati ya mashindano, utawagawia wawili pointi ambazo wa tatu atazilipia.

Hatua ya 4: Amua hatima ya mechi

Seva ikiwa ndiyo iliyoanguka, una njia tatu: kuendelea pale mlipoishia, kurudia, au mwamuzi kutoa matokeo kwa kuangalia ubao. Ipi ifuatwe inategemea mchezo wenyewe.

Sataranji na drafti kila kitu kiko wazi ubaoni, kwa hiyo kuendelea ndiyo njia ya kwanza. Panga kete upya, rudisha saa zilivyokuwa. Angalizo: ukipanga msimamo wa sataranji upya, programu haikumbuki misimamo iliyopita, hivyo sare ya msimamo kujirudia mara 3 itabidi mwamuzi aihesabu mwenyewe kwa orodha ya zamani.

Scrabble ni habari nyingine. Kuna vigae mkononi na vigae mfukoni. Mmoja akishaona vya mwenzake, mechi hiyo haiendelezeki. Na bakgamoni, kurudia mechi kwa dadu mpya ni zawadi kwa aliyekuwa anafungwa. Kama jukwaa limetunza msimamo na zamu, endelea kutoka hapo. Mechi ikikatika mapema, miendo michache tu, usijitese: rudieni.

Hatua ya 5: Andika uamuzi

Taja kifungu, ushahidi na matokeo, na muda wa mwisho wa rufaa. Tuhuma za kudanganya kwa kusaidiwa na programu ya kompyuta usizichanganye humo. Hizo zina uchunguzi wake, na jina la mtu halitajwi hadharani kabla haujaisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mpinzani alikatika akiwa ananifunga, saa ikamwishia. Roho inanisuta. Naweza kukataa ushindi?

Jibu: Pointi ni zako kwa kanuni. Mwaka 2020 Magnus Carlsen alishinda mechi baada ya Ding Liren kukatika, na mechi iliyofuata akatoa malkia wake makusudi ili mambo yawe sawa. Lakini walikuwa wawili tu wakipambana. Kwenye mashindano ya watu wengi, ukiachia pointi unambeba mmoja na kumwangusha mwingine aliye chini yako. Muulize mwamuzi kwanza.

Swali: Picha ya skrini inatosha kuwa ushahidi?

Jibu: Inatosha kufungua malalamiko. Kufunga kesi, hapana, kwa sababu picha inahaririwa. Kumbukumbu za seva ndizo zinazoamua.

Swali: Kidole kiliteleza, kete ikaenda nisipotaka. Nirudishiwe?

Jibu: Pole, mwendo umeshachezwa.

Swali: Matokeo yaliingizwa kinyume, tumegundua raundi inayofuata imeshaanza. Tufute raundi?

Jibu: Usifute. Sahihisha pointi, raundi inayoendelea iishe na wapinzani waliopangwa, kisha upangaji unaofuata utumie pointi sahihi.

Swali: Kwa kanuni hizi, sisi wenye intaneti ya kusuasua si tumeshatolewa mapema?

Jibu: Hoja yako ina mashiko. Dawa yake iko kwenye muda wa mchezo: mechi ndefu zaidi, zenye nyongeza ya sekunde kwa kila mwendo, zinampa aliyekatika nafasi ya kuwasha data za simu na kurudi kabla saa haijaisha. Mechi za dakika 3 hazimpi. Lipeleke hilo kwa waandaaji wakati wa kujiandikisha, kanuni zikiwa bado zinaandikika.