Hina kwanza, nili baadaye: ninavyofunika mvi bila piko

Mvi zilinianza nikiwa na miaka 38, hapa mbele, pale pale ushungi unapoteleza. Sasa nina 54, na kila baada ya wiki tano au sita mteja akija na kitambaa chake hunikuta nimekaa kwenye cherehani, kichwa kimefungwa kanga kuukuu, nanuka majani. Sisi wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, hatufichani mambo, kwa hiyo swali huja kabla hata sijampima kiuno: "Dada, hiyo hina nyeusi unainunua wapi?"

Hina nyeusi haipo. Jani la mhina lina rangi moja tu, nyekundu ya kutu. Ukitaka nyeusi, unapaka hina kwanza, unaiosha, halafu unapaka jani jingine kabisa, nili. Kinachouzwa kwenye vipakiti kwa jina la hina nyeusi, au piko, aghalabu ni dawa ya kiwandani iitwayo PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi za nywele isizidi asilimia 2, na kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Wifi yangu alijipaka ya kipakiti siku mbili kabla ya harusi ya mwanawe. Kulipokucha macho hayakufunguka, masikio yamevimba kama maandazi, na ngozi ya pembeni mwa nywele inatoa maji. Harusi aliiangalia kwenye simu. Nilikigeuza kile kipakiti huku na huku: picha ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni, neno "asilia", na hakuna palipoandikwa kilichomo. Na mwili ukishaikataa PPD mara moja hausahau. Mara ya pili huja kwa kishindo zaidi.

Basi tuanze na kununua. Hina yangu nyingine natoa kwenye mhina wa mama mdogo, uani kwake. Tunachuma majani, tunayaanika kivulini (juani yanababuka), tunatwanga na kuchekecha kwa kitambaa chepesi mpaka ibaki vumbi laini. Mhina ukiisha majani, nanunua unga wa India, ule unaotoka Sojat huko Rajasthan. Kwenye kipakiti tafuta maneno haya peke yake: Lawsonia inermis. Yakiandamana na mlolongo wa majina mengine, rudisha.

Hata hivyo mimi siamini karatasi. Chukua unga kidogo, utie kwenye glasi ya maji, koroga, uache utulie. Mchanga ukijikusanya chini, umeuziwa mchanga kwa bei ya hina. Maji yakiwa kijani cha kung'aa papo hapo, unga umetiwa rangi ili uonekane mbichi. Halafu fanya uji kidogo kwa maji, weka tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni, usubiri. Hina yenye uhai huzungukwa na duara la rangi ya chungwa. Ile ya zamani haitoi kitu, maana unga uliokaa kabatini miaka miwili ni majani tu.

Kiasi: nywele fupi zinatosheka na gramu 100. Zangu zinafika begani na ni nene, kipilipili hasa, kwa hiyo nachukua robo kilo. Kama una mvi za mbele tu, vijiko vitatu vya chakula vinatosha, usijitese.

Bakuli liwe la plastiki au udongo, mwiko wa mti. Mimi nachanganya na maji ya ukwaju yaliyochujwa, ya uvuguvugu. Wengi hutumia ndimu, na ndimu inafanya kazi, lakini ukikamua sita kwenye bakuli moja, nywele zitatoka zimekauka kama makumbi. Kinachotakiwa ni uchachu mdogo tu, ule unaosaidia rangi itoke kwenye jani polepole. Sitii mafuta wala yai, maana mafuta yanaizuia hina isishike. Koroga mpaka ufike uzito ambao ukiinua mwiko uji unadondoka bila kutiririka. Funika, uache. Wakati wa kaskazi, joto la Tanga likiwa limepamba, saa nne zinatosha. Wakati wa kusi nauacha ulale hadi asubuhi. Utajua umeiva ukiuona juu umekuwa kahawia, na ukiutoboa kwa kijiko ndani bado kijani.

Nywele zioshwe kwa sabuni kabla, zisiwe na mafuta hata chembe, na ziwe na unyevu kidogo. Paka mafuta ya mgando kwenye paji, masikioni na shingoni, la sivyo utatembea na ukanda wa rangi siku nne. Vaa glavu. Gawa kichwa mafungu manne kama unayetaka kusuka mabutu, anzia kwenye mvi, na ushindilie uji kwenye shina la unywele kama unavyokandika ukuta wa udongo. Watu hubania. Hina ya kubania inatoa mabaka.

Kufunika: bibi yangu alikuwa akibabua jani la mgomba juu ya moto mpaka lilegee, analivisha kichwani, kisha kanga juu yake. Nikamcheka miaka mingi nikitumia mfuko wa nailoni. Mwaka 2019 mifuko ikapigwa marufuku, nikarudi kwenye jani, na kusema kweli linashika joto vizuri na halitoi jasho shingoni. Kofia ya plastiki ya kuogea nayo inafaa. Kaa saa tatu mpaka nne. Mimi hushona.

Kuosha ndiko kunakowakatisha tamaa, hasa siku ambayo bomba halitoi. Usijimwagie kichwani. Jaza beseni, inama, zamisha nywele zote, uzitikise kwa vidole bila kusugua. Maji yatakuwa kama chai ya tangawizi iliyojaa machicha. Mwaga, jaza tena. Mara tatu. Kisha paka kondishena ya bei rahisi, nyingi kuliko unavyodhani, na chembe zilizobaki zitateleza zenyewe. Shampuu iache siku mbili.

Usiku huo mvi zitakuwa rangi ya karoti. Usipige kelele. Hina hukomaa kwa hewa: kesho yake inashuka, siku ya tatu imekuwa kahawia nyekundu kama gome la mkoko. Kwenye nywele nyeusi hutaona kitu mpaka usimame juani. Wapo wanaoishia hapo, na shoga yangu mmoja inampendeza kuliko nyeusi yangu mimi. Ila jua kwamba rangi hii inashikana na unywele wenyewe. Haioshwi ikatoka. Ukiichoka, unasubiri nywele zikue ukate.

Sasa nili. Kwanza, si ile buluu ya kufulia mashati meupe! Nimeshaulizwa, ndiyo maana nasema. Ni unga wa majani, na kwenye kipakiti huandikwa Indigofera tinctoria. Tabia yake ni kinyume cha hina. Haitaki uchachu, wala ndimu wala ukwaju. Haitaki kungoja. Maji ya uvuguvugu, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, subiri dakika 15, anza kupaka. Itakapokuwa hai utaona utando wa buluu iliyoiva unajitanda juu huku chini kukiwa kijani. Ikipita nusu saa inaanza kufa, kwa hiyo nachanganya nusu, napaka, halafu nachanganya nusu nyingine. Inanuka mchicha uliochemshwa ukasahauliwa. Kiasi ni sawa na cha hina au zaidi kidogo, na inakaa kichwani kati ya saa moja na mbili. Osha kwa maji matupu. Yatatoka ya buluu, na nywele zitaonekana na ukijanijani mpaka kesho kutwa, ndipo zinapotulia zikawa nyeusi.

Mwaka wangu wa kwanza nilijiona mjanja. Nikasema, kama ninachotaka ni nyeusi, hina ya nini? Nikapaka nili peke yake juu ya mvi. Nilitoka na nywele rangi ya maji ya Raskazone bahari inapokupwa. Nilivaa ushungi hadi chumbani, na mume wangu akadhani nimemkasirikia. Nyeusi hupatikana kwa buluu kukaa juu ya wekundu. Bila wekundu wa chini, unabaki na buluu yako. Dawa yake ilikuwa kupaka hina juu ya balaa lile, kuosha, na kuanza nili upya.

Hina na nili zote zinakausha, nili zaidi. Siku mbili baadaye nafanya hivi: naloweka vijiko viwili vya uwatu usiku kucha, asubuhi nausaga, nachuja, napaka ule utelezi kwa nusu saa. Chanuo linapita bila kugombana. Mafuta ya nazi baada ya hapo, kidogo, kwenye ncha. Kuosha kwa wiki hizo natumia unga wa majani ya mkunazi: kijiko kimoja kikubwa, maji, upige kwa mkono kwenye bakuli mpaka povu lisimame. Unasafisha bila kuvua rangi. Mshubiri pia mzuri kwa ngozi inayowasha, lakini ukilikata jani lisimamishe kwanza litoe ule utomvu wa njano, maana huo ndio unaowasha. Mafuta ya karafuu sishauri mtu ayapake yakiwa matupu kichwani. Najua yanasifiwa. Yanaunguza.

Kama umeweka dawa ya kulainisha au kalikiti karibuni, mimi huwaambia watu wasubiri wiki mbili, na wajaribu kwanza kwenye nywele zilizobaki kwenye chanuo. Jaribu pia nyuma ya sikio, hata kama ni majani, usiku mmoja. Na tafadhali, kichanga asipakwe hina, hata unyayoni kwa mapambo. Kwenye pwani yetu ya malaria wapo wengi waliozaliwa na upungufu wa kitu kiitwacho G6PD, na mtoto mwenye upungufu huo akipakwa hina damu yake inaweza kuvunjika, akageuka njano, akazidiwa. Mtu mzima anayejijua ana upungufu huo naye aache.

Mara ya pili hupaki kichwa kizima. Mashina tu, yaliyokua, maana ukirudia ncha kila mara zinazidi kuiva mpaka zinakuwa nyeusi ya makaa huku juu kukiwa kwingine. Hina iliyobaki naigandisha kwenye friza ndani ya kikombe chenye kifuniko, inafaa hata mwezi mwingine. Nili iliyobaki mwaga. Na usiku wa kwanza lalia foronya ya zamani, ile ambayo hutamtandikia mgeni.