Kuiwezesha Kompyuta ya 386 au 486 Kumudu Modemu ya Kasi

Anayefufua kompyuta ya 386 au 486 (PC ya zamani inayoitwa kwa jina la prosesa yake) na kuifungia modemu ya nje ya kasi ya biti 28,800 kwa sekunde kwa kawaida hukutana na tatizo moja: modemu hupiga simu na kuunganika vizuri, lakini faili likianza kushuka, herufi hupotea, Zmodem (kanuni ya kuhamisha mafaili kupitia modemu) hurudia vipande vilevile, na mwisho wake mwendo huwa mbaya kuliko wa modemu ya zamani ya 9,600. Lawama zote hutupiwa laini ya simu. Mara nyingi laini haina kosa. Kosa liko kwenye chipu ndogo iliyo nyuma ya poti ya COM (tundu ambalo modemu huchomekwa), ambayo kazi yake ni kupokea biti zinazotoka kwenye modemu na kuzipanga kuwa baiti.

Chipu hiyo huitwa UART. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuja na 8250, na PC AT ya mwaka 1984 ikaja na 16450, na zote mbili zina nafasi ya kushika baiti moja tu iliyokwisha pokewa. Baiti inapofika, chipu huishtua prosesa ije kuichukua. Prosesa ikichelewa hadi baiti inayofuata itimie, ile ya kwanza imepotea. Poti ikiwa kwenye biti 115,200 kwa sekunde, na kila baiti ikisafiri kwa biti kumi pamoja na za kuanzia na kumalizia, baiti 11,520 hupita kwa sekunde, yaani prosesa ina takriban mikrosekunde 87 za kuitikia kila mwito. Chini ya DOS tupu inaweza kujikongoja, lakini chini ya Windows, ambamo prosesa hugawana muda na diski na programu nyingine, haifui dafu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini poti iwekwe 115,200 ilhali modemu ni ya 28,800. Sababu ni V.42bis, kanuni ya kubana data ambayo, kwa maandishi yanayobanika vizuri, inaweza kufikia mara nne. Modemu hupokea data iliyobanwa, huifumua, kisha huisukumia kompyuta kwa kasi kubwa kuliko ya laini.

Anza kwa kuitambua chipu. Toka kwenye Windows kabisa, andika MSD (programu ya Microsoft ya kukagua kompyuta) kwenye DOS, kisha bonyeza C ili uone poti za COM. Mstari wa chini kabisa hutaja aina ya UART. Ukiona 16550AF, shida yako iko kwingine. Ukiona 8250, hapo ndipo pa kufanyia kazi, kwa sababu 16550A ina foleni ya baiti 16, na prosesa huweza kuitwa zikishafika 14 badala ya kusumbuliwa kwa kila moja. Jihadhari na 16550 isiyo na herufi A: foleni yake ina kasoro, na haifai kununuliwa hata kwa bei ya bure.

Ikiwa chipu ya zamani imekaa kwenye soketi ya pini 40, ing'oe taratibu kwa kuinua pande zote mbili kwa zamu, kisha weka NS16550AFN mahali pake, kipengo (mkato mdogo) cha chipu kikielekea upande uleule wa kipengo cha soketi. Ikiwa imelehemiwa, sioni sababu ya kuhangaika na chuma cha kulehemu: nunua kadi ya poti ya ISA (aina ya nafasi za kadi katika PC za zamani) yenye 16550A, uzime poti ya zamani kwa jampa (kiunganishi kidogo cha pini), na uipe kadi mpya anwani 2F8 na IRQ 3 (namba ya mwito wake kwa prosesa) ikiwa itakuwa COM2. Modemu ya ndani huja na UART yake, kwa hiyo haihitaji hatua hii.

Kisha angalia kebo. Kebo yenye nyaya tatu tu hupitisha data, lakini haina RTS wala CTS, ambazo kompyuta na modemu hutumia kuambiana “subiri kidogo”. Kwenye plagi ya pini 9 hizo ni pini 7 na 8. Zipime kwa mita. Baada ya hapo, zima Xon/Xoff (njia ya kusimamisha data kwa herufi maalumu) katika programu ya mawasiliano, washa RTS/CTS, funga kasi ya poti isibadilike baada ya kuunganika, na uiamuru modemu ifanye vivyo hivyo: AT&F1 kwa nyingi za USRobotics, AT&F&K3 kwa zenye chipu za Rockwell, kisha AT&W ili ihifadhi.

Upande wa Windows, kiendeshi cha poti cha 3.1 hakiitumii foleni ipasavyo. Windows for Workgroups 3.11 ina nafuu kubwa.

Jaribu kwa kushusha faili la ZIP, ambalo halibaniki tena. Kwenye muunganiko wa 28,800, herufi zaidi ya 3,000 kwa sekunde bila makosa ni dalili kwamba kazi imefanyika. Makosa yakiendelea, shusha poti hadi 57,600, na ikiwa programu inaruhusu, punguza kiwango cha kuita prosesa kutoka baiti 14 hadi 8, ili foleni ibaki na nafasi wakati prosesa inapochelewa.